Abiria Milioni Tisa na Maksai Wawili wa Mulwa

Benchi la kahawa la Nzembi pale Wamunyu liko kati ya karakana za wachongaji na barabara kuu, na ukikaa hapo robo saa utaondoka na vumbi la mbao kikombeni na uongo mmoja au miwili masikioni. Asubuhi hiyo ya Oktoba, mwaka wa elfu mbili na nne, Mulwa mchongaji wa twiga alikuwa amekaa pembeni kabisa, akimngoja dalali wa ng'ombe atakayefika saa tano kununua maksai wake wawili. Ndio hao hao wanaovuta plau, na mvua ilikuwa imebakisha wiki mbili hivi. Pesa zao zingekuwa arbuni ya kibanda cha vinyago, mkataba wa miaka kumi, kwenye jengo jipya la abiria lililokuwa likipangwa uwanja wa ndege wa Nairobi. Tangu Jumapili hakuwa amelala vizuri. Lakini alikuwa ameshawatangazia watu, na sasa angerudi nyuma kwa uso gani?

— Hebu soma tena, — alisema Titus, anayeitwa Rubani kwa sababu aliwahi kupakia mizigo ya ndege miezi miwili kabla hajafutwa.

Mulwa akaikunjua karatasi yake ya tangazo la uwanja wa ndege, ambayo ilishaanza kukatika kwenye mikunjo.

— Inasema wamekadiria. Saa hii abiria ni milioni nne kwa mwaka. Ikifika elfu mbili na kumi na tano, milioni tisa. Ndio maana wanataka kujenga.

— Sasa hao wanajuaje? — aliuliza Nzembi, akimimina kahawa. — Mtu mwenyewe hajui kama atasafiri, wao wameshamhesabu?

— Wanaangalia choo, — alisema Rubani. — Mimi nimefanya kazi huko, niulize mimi. Wanahesabu laini ya choo asubuhi, halafu wanazidisha.

— Wacha uongo wewe.

Huyo alikuwa Justus, karani mstaafu, ambaye watu wamemsahau jina kwa sababu ya ile mashine yake ya hesabu inayotumia jua. Wanamwita Kikokotoo.

— Wanachukua watu wa mwaka jana, wanaongeza kidogo. Mwaka ule mwingine wanaongeza juu ya ile nyongeza. Vile mbuzi huzaana.

— Mbuzi hufa, — alisema Nzembi.

— Kwa karatasi hawafi.

Kikokotoo akaigeuza mashine juani, akalamba kidole.

— Tuseme kwa kila abiria mia, mmoja ananunua twiga. Hiyo ni twiga elfu tisini kwa mwaka.

— Mmoja kwa mia ni dharau, — alisema Rubani. — Weka watano.

— Laki nne na nusu.

Mulwa akatazama mikono yake. Mti ukiwa mzuri, mikono hiyo hutoa twiga wawili kwa siku, na Jumapili huenda kanisani.

— Nitaandika vijana, — alisema polepole.

— Utaandika Wamunyu yote, — alisema Rubani, — na wavuvi wa Masinga waache samaki waje wapige msasa. Halafu ujue twiga haiingii kwa mkoba. Watataka ndege kubwa. Ndege kubwa inataka mahali ndefu ya kurukia. Itaanzia huko Embakasi, ipite Mlolongo, ipite Machakos, iishie hapa kwa hii benchi.

— Hapa haipiti, — alisema Nzembi. — Mimi nimelipia kansol ushuru wa hapa.

Kikokotoo bado alikuwa anabonyeza.

— Ngoja. Nikiendelea hivi hivi, kuna mwaka abiria wanakuwa wengi kuliko watu wa dunia nzima.

— Si watasafiri mara mbili mbili, — alisema Rubani.

Wakacheka, na Mulwa akacheka nao. Alitamani mmoja wao tu amwambie asiuze. Wote walikuwa wamemsifu wiki nzima.

Hapo akafika mama mmoja mwenye mzigo wa viondo mgongoni, Kalekye wa Masii, anayepitia hapo siku moja moja akipeleka kazi yake mjini.

— Karibu, mwaitu, — alisema Nzembi, akimsogezea kikombe kwa heshima ya mama.

Kalekye akanywa, akasikiliza habari ya milioni tisa mpaka mwisho.

— Hii kukadiria, wameanza juzi?

— Iko tangu zamani, — alisema Kikokotoo.

— Basi ule mwaka wa bomu Nairobi, tisini na nane. Walikuwa wamekadiria watakuja wangapi?

Kikokotoo akabonyeza kifungo kimoja, akaacha. Rubani akachungulia ndani ya kikombe chake. Mwaka ule wateja walipotea, twiga wa Mulwa wakalala maguniani hadi Krismasi, na watoto wake walikula mahindi na mbaazi aliyolima kwa maksai.

— Nauliza tu, — alisema Kalekye. — Viondo vyangu vya mwaka huo, mpaka leo naweka mbaazi ndani.

 Mulwa alisikia kifua kikilegea, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu Jumapili. Alifurahi, tena sana. Kilichobaki ni kumwambia dalali kuwa hauzi tena, na kumbe dalali ndiye huyo anakuja, Bartholomew, kamba mbili begani na jasho usoni.

— Bartholomew, sikiza, — Mulwa alianza. — Hiyo ng'ombe...

— Usinieleze. Nimetoka kwako. Bibi yako Mama Ngina ameniambia amewapeleka kwa kaka yake ng'ambo ya mto tangu alfajiri, na hawarudi mpaka nitoke hii Wamunyu. Wewe ulijua hiyo maneno?

Benchi zima likamgeukia Mulwa. Alfajiri mkewe alikuwa amemwambia anaenda kuteka maji.

— Ndivyo tulivyopanga, — alisema Mulwa, na hakuna aliyembishia.