Kulungu Atakaa Wapi?

Benchi la nje ya kituo cha mafuta cha Birch Lake, kaskazini mwa Minnesota, halina mwenyewe, ila ukikalia nafasi ya mzee wanayemwita Dizeli utahamishwa kwa macho. Asubuhi ile ya Novemba, msimu wa kuwinda kulungu umeshafunguliwa, wazee walikuwa na chupa moja ya kahawa na kazi moja tu: kulikagua gari la kijivu alilokuja nalo mwenzao Verlyn. Si pikapu. Ni gari la familia, la ukubwa wa kati, ambalo hata wauzaji huliegesha nyuma ya mengine. Wauzaji walikuwa wamempa Verlyn ili alijaribu mpaka adhuhuri. Akilitaka, pikapu yake ya siku zote inabaki kwao kama sehemu ya malipo. Sababu yake hakuwaambia wenzake. Tangu mkewe, Arlys, apasuliwe nyonga, ilibidi anyanyuliwe kupanda pikapu, watu wakitazama. Mama wa watu akaona aibu, akaacha safari. Hata kwa dada yake Duluth haendi tena. Anakwenda kanisani tu, ng'ambo ya barabara, kushona mablanketi, kwa kuwa anafika na mkongojo wake.

— Verlyn, bwana, nani kakufia? — alianza Dizeli, ambaye pikapu yake huamsha mtaa mzima.

— Liendeshe kwanza ndio utukane. Kona ya ziwani nimeingia na mwendo wangu, halikuyumba. Kilima cha kwa Haugen limepanda kama halijakiona. Na kimya! Nimesikia funguo zikigongana mfukoni.

— Hapo ndipo penye hatari. Mwanamume asiposikia injini, anaanza kusikia mawazo yake. Binamu yangu alinunua gari la kimya. Wiki ya pili kauza boti. Ya tatu anakula mboga.

— Acha fiksi, Dizeli! — alisema Goti, mtabiri wa theluji kwa goti lake la kulia.

— Mboga, nakwambia! Tena kwa hiari yake.

— Kiti kinapasha joto mgongo, — Verlyn alijitetea.

— Mimi nina swali moja tu, — alisema Goti. — Kulungu atakaa wapi?

Swali hilo Verlyn alikuwa akiliogopa tangu alfajiri.

— Viti vya nyuma vinalala.

— Damu kwenye zulia? Shemeji atakulaza nje!

— Na pembe zitokee dirishani, — alidakia Dizeli. — Polisi watasema umemteka.

— Sikilizeni, — alisema Goti. — Mnajua nani kalichora gari hili? Kulungu! Wana watu wao kiwandani. Wanataka wote tuendeshe haya, msimu ufe.

— Ndiyo maana la kijivu! Rangi kabisa ya manyoya yao wakati wa baridi!

Verlyn alicheka nao, lakini moyoni alinyong'onyea. Kuchekwa leo si kitu. Kuchekwa kila asubuhi mpaka kaburini ni jambo jingine. Akatazama saa. Alipoinua kichwa, Arlys alikuwa anavuka barabara kutoka kanisani na mkongojo wake.

— Shemeji, tuamulie! — aliita Dizeli. — Mumeo anataka gari lisilobeba kulungu.

Arlys aliwatazama mmoja mmoja.

— Mara ya mwisho mmoja wenu kupata kulungu ilikuwa mwaka gani?

Goti aliinamia goti lake.

— Kuna yule wa darajani... — alisema Dizeli.

— Yule ulimgonga. Nimeuliza mwaka.

Dizeli aliitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Arlys alilifikia gari, akafungua mlango. Verlyn alikimbilia nyuma yake, mikono mbele, kama kawaida yao. Lakini Arlys aligeuka, akakaa, kwa sababu kiti kilikuwa usawa wa nyonga zake. Akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Akafunga mlango mwenyewe. Verlyn alibaki amenyoosha mikono, machozi yakimlenga, wala hakujali nani anaona.

Dirisha likashuka.

— Unamkumbatia nani hapo? Washa gari, twende Duluth.