Wakili Hajui Habari za Ng'ombe

Kwenye kona ya barabara inayoshuka Nguba kuna benchi la mbao lenye tofali badala ya mguu mmoja, na hapo ndipo kesi za mtaa mzima wa Ibanda huamuliwa kabla majaji hawajavaa majoho. Jacques Thermos ndiye mwuza kahawa ya tangawizi. Bruno wanamwita Maître Bure, kwa kuwa aliwahi kuwa dereva wa wakili, na tangu hapo anagawa ushauri hata kwa asiyeomba. Guylain, wa pikipiki, wanamwita Turbo. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha, wote wamejibana chini ya turubai, na katikati yao alikaa Anaclet, mwalimu wa shule ya msingi, amepiga shati pasi. Saa nne alitakiwa kwa wakili wake wa talaka, Maître Elodie. Mchana huo huo kesi ingesikilizwa. Alikuwa anaogopa, wala hakujaribu kuficha.

— Maître aliniuliza tena jana, alisema. "Papa Anaclet, kuna kitu haujaniambia? Uniambie mimi kwanza. Kile nitasikia kwa mudomo wa avoka, wakili wa bibi yako, sitaweza kukutetea."

— Na ulijibu nini? Bruno aliuliza.

— Nilisema hakuna.

— Na iko?

— Iko. Iko ngombe.

Habari yenyewe ni hii. Siku ya mahari Anaclet hakuwa na ng'ombe. Aliazima mmoja kwa binamu yake Zagabe wa kijijini Luhwindja, mweusi mwenye pembe iliyovunjika, akampeleka kwa baba mkwe kwa vigelegele. Baba mkwe, mtu wa mjini asiye na hata nyasi za kulisha mbuzi, alimpapasa mgongo akasema: nichungie huko kwenu mpaka nipate shamba. Basi ng'ombe akarudi kwa mwenyewe, na Anaclet akabaki na kazi ya kupokea salamu zake. Kila Noeli mzee aliuliza, na kila Noeli jibu lilinona: mara ng'ombe amezaa, mara ndama naye ana mimba. Sasa Anaclet na mkewe Virginie wanaachana. Kaka zake Virginie wanadai mahari haikutimia, kwa hiyo kwa mila binti wa pekee wa ndoa hiyo, Mapendo, abaki kwao. Na Maître Elodie, kwa kumwamini mteja wake, ameandika mahakamani kwamba ng'ombe yupo, na uzao wake.

— Juge mwenye kukata kesi akijua nilidanganya ya ngombe, ataamini nini ya mutoto? Nitamukosa Mapendo, Anaclet alisema.

— Usitoboe! Bruno alipiga goti lake. Avoka iko sawa munganga: unamuonyesha tu mahali haiumi. Mi niliendeshaka avoka, najua. Sema ngombe ilikufa.

— Na ndama zake?

— Zilikufa na huzuni.

Guylain alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Papa Bruno, nani ataamini kilio ya ngombe? Wazee walisema, maji ikimwagika haizoleki. Basi unaongeza ingine! Tuazime ngombe tena. Mi naifunga ku moto yangu, hii pikipiki, naileta mpaka mu kiwanja ya tribinali, pale mahakamani.

— Baba mukwe anajua ile pembe, Anaclet alisema.

— Tutavunja pembe ya ile tutaleta.

— Turbo, we uko mutoto, Jacques alisema, akimimina. Ngombe ya kuonekana italeta maulizo. Sema ilivuka mto Ruzizi yenyewe, ikaenda inchi ingine. Kule nani ataipelekea convocation ya kuitwa mahakamani?

— Inavuka na nini? Guylain aliuliza.

— Inaogelea! Si wanasema mficha uchi hazai? Njo maana ilienda kuzalia kule, mahali hakuna mutu anaijua.

Walikuwa wanafurahi, na Anaclet hakuwalaumu, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.  Lakini kila uongo waliompa ungetaka kulishwa, kuchungwa na kukumbukwa, na yeye alikuwa amechoka na wa kwanza. Alimfikiria Mapendo, ambaye mpaka leo hakubali kulala bila kumshika baba yake sikio. Akahisi machozi, akajifanya kahawa imemchoma.

Mama mmoja, mwavuli wake umepinduliwa na upepo, alikuwa ameingia chini ya turubai. Alichukua kikombe, akanywa kidogo, kisha akamgeukia Anaclet.

— Pole, papa. Musinikasirikie, sauti yenu inafika mpaka mu barabara. Bibi yako anajua ya ile ngombe?

— Anajua. Mwaka wa kwanza tulienda ku kilio Luhwindja, akaikuta kwa Zagabe, akaitambua ile pembe.

— Akafanya nini?

— Alicheka. Akasema twende, mvua inakuja.

— Na baba yake, alimuambia?

— Hapana. Ile Noeli muzee aliniuliza, nikakosa ya kusema. Njo bibi yangu alijibu: "Imezaa, papa. Ndama mwanamuke."

Guylain alipiga mluzi. Mama hakumwangalia.

— Na avoka wake?

— Kama angemuambia, wangekuwa wameshaandika. Hawajaandika kitu.

— Sasa munaachana juu ya nini?

Anaclet aliinamia kikombe. Alijibu neno kwa neno, vile vile alivyomwambia Maître Elodie siku ya kwanza.

— Juu ya mudomo wake. Ni mwanamuke hawezi kutunza siri ya nyumba.

Mama alipuliza kahawa yake. Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua tu.

— Alitoboa siri gani?

Anaclet alitafuta. Alikumbuka kwamba Virginie aliwahi kuwaambia akina mama wa kwaya kuwa mumewe anakoroma. Akatafuta tena, akarudi miaka yote ya ndoa, chumba kwa chumba, na hakupata nyingine.  Jacques alitikisa thermos, ingawa hakuna aliyeomba kuongezewa.

Mvua ikaanza kukatika. Mama akarudisha kikombe, akaaga, akashuka zake Nguba.

— Anaclet, Bruno alisema polepole, saa nne inafika. Kwa Maître utaanzia wapi?

— Sijui, Anaclet alisema. Nilizani uongo iko ya ngombe tu.