Viganja vya Ukuta wa Awadhi

Siku ya pili ya Idi, saa nne asubuhi, kijiwe cha Gongoni mjini Tabora kilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa. Mzee Awadhi, mwenye nyumba ya udongo nyuma ya benchi, hakuwa amegusa kikombe chake. Kesho yake fundi angekuja kubomoa ukuta wa mbele ili zijengwe fremu mbili za duka. Jana fundi huyo alikwangua chokaa aone udongo ukoje, na chini yake vikatokea viganja vya mikono, safu juu ya safu, toka msingi hadi usawa wa kichwa. Sasa kundi la watu waliokuja kutembelea nyumba za kale lilikuwa limesimama hapo. Macho yote yalikuwa ukutani.

— Wanatazama nini hawa, dakika kumi nzima? aliuliza Kulwa, dereva wa bodaboda waliyemwita Breki kwa sababu hana.

— Hesabu hiyo, alijibu Omari, mshona viatu waliyemwita Profesa. Kila kiganja pembe moja ya ndovu. Msafara ukiingia kutoka Ujiji, karani anabandika mkono, pah!

— Karani gani ana kiganja kidogo hivyo?

— Watu wa zamani walikuwa wadogo.

— Acha fiksi, Profesa! Waliobeba pembe mpaka pwani kwa miguu ndio wawe wadogo? Hayo majini. Yalifungiwa humo, yanasukuma yatoke.

— Yangesukuma kutoka, ukuta ungevimba. Huu umebonyea.

Breki alifikiri.

— Basi yalikuwa yanasukuma yaingie.

— Na wewe umeyaegemea miaka sita.

Breki akaondoa mgongo ukutani taratibu.

Awadhi hakucheka. Alizaliwa chumba cha pili cha nyumba hii, na mpaka jana hakujua kwamba viganja hivi vimo.

Mama mmoja, aliyemzidi Awadhi umri, alitoka kwenye kundi. Alisema anaitwa Recheli, amekuja na treni kutoka Tura.

— Shikamoo, mama, alisema Awadhi.

— Marahaba, baba. Naweza kugusa?

Aliweka kiganja chake ndani ya kimoja. Kikaenea, kidole kwa kidole. Breki alivua kofia.

— Ni wanawake hawa, alisema Recheli. Kwetu tulikandika hivihivi. Unabonyeza udongo ungali mbichi, chokaa ipate pa kushika. Mwone huyu mwenye kidole kilichopinda. Yuko hapa, yuko pale, yuko mpaka kule juu. Nusu ya ukuta ni kazi yake. Aliitwa nani?

Majina ya babu zake wanane Awadhi angeyataja bila kumeza mate; la bibi hata mmoja hakulijua. Akamgeukia Profesa. Profesa alikuwa anatazama chini.

Recheli hakuondoa kiganja ukutani.

Awadhi akatoa simu mfukoni, akampigia fundi.

— Fundi, kesho usije.

— Kuna nini tena, mzee? Vijana nimeshawapanga.

— Nyumba ina watu.