Githeri ya Kapteni

Kwenye treni ya Embakasi, Muriuki alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi kando yake, Halimo. “Hii series mpya inaonyesha kapteni wa vita vya angani akiwa bado kijana. Ni moto, sikatai! Lakini mbona haitishi sahani ya githeri kabla ya kupigana, kama kwenye ile ya zamani?”

“Hiyo ya zamani uliiona wapi, baba?”

“Kwenye vibanda vya video vya Majengo nikiwa mtoto, deejay akitafsiri kwa maiki.”

Halimo akacheka mpaka mtandio ukamteleza. “Githeri iliwekwa na deejay! Mzungu wa angani angeijulia wapi?”

Kumbe miaka yote hiyo Muriuki alikuwa akimpenda deejay, si kapteni! Treni iliposimama Makadara, akainuka akicheka. “Basi hao wazungu wangemwita awaandikie!”

“Na avocado juu ya githeri wasisahau!” Halimo akamjibu.