Mume Wangu Alitoka Vitani Akafungwa Mnyororo Nyumbani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Kasese. Mimi naitwa Masika, natoka Nyakiyumbu, na nimeolewa na mwanajeshi. Nimeombwa niseme Mungu alivyotutoa shimoni.

Mume wangu, Baluku, alikuwa koplo. Alipelekwa kupigana Somalia, akarudi na mikono na miguu yote kamili. Tulichinja mbuzi, tukacheza. Hatukujua kwamba ameumia mahali tusipopaona. Usiku alikuwa hapati usingizi. Mlango ukigongwa alijitupa chini. Watoto walizoea kutembea kwa vidole, wakazoea kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Siku moja ya soko tulikwenda Mpondwe. Tairi ya lori ilipasuka karibu na forodha. Baluku alimrukia mchukuzi mmoja, akamlaza chini, akamkaba shingo. Mchukuzi aliponea chupuchupu. Watu walimpiga mume wangu kwa mawe na fimbo, mimi nikiwa nimelala juu yake nalia. Hadi leo sikio langu hili la kushoto halisikii.

Kaka yake mkubwa, Mumbere, alisema ni pepo, na kwamba ataua mtu. Wakamfunga mnyororo kwenye stoo ya kahawa. Majirani walikubali. Mchungaji alikuja kukemea, akachoka, akaacha kuja. Ndugu zangu, nilimlisha mume wangu kwa mkono kama mtoto, katika harufu ya uchafu wake mwenyewe. Mguu wake ulioza chini ya mnyororo. Kisha asubuhi moja akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya siku za uchumba wetu, "Masika, niletee ile dawa ya kupulizia kahawa. Mimi nimechoka."

Nilikwenda nikaichukua ile dawa. Nikaimwaga yote chooni. Kisha nikatembea kwa miguu mpaka Bwera, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna wajane na wake za wanajeshi wanaokutana huko. Niliwakuta wanamenya matoke. Nikawaeleza yote huku nikilia. Mama Biira, kiongozi wao, aliyezikiwa mumewe katika sanduku lililokatazwa kufunguliwa, aliosha mikono akasema twende.

Walikuja wanawake wengi, pamoja na sajini mmoja mzee aliyestaafu. Mumbere alisimama mlangoni na panga. Alisema, "Mutu hii iko na pepo, itamaliza sisi." Mama Biira aliketi chini mbele yake, na wanawake wote wakaketi. Walikaa pale juani mpaka yule mwanamume akaona aibu, akatoa ufunguo.

Sajini aliingia stoo peke yake, akasimama wima kwenye kile kinyesi. Akasema, "Koplo, leta ripoti."

Mume wangu alijaribu kusimama, akashindwa, akapiga saluti akiwa amekaa. "Afande, gari imelipuka. Wote wamekufa. Nimebaki mimi."

"Ripoti nimepokea, koplo. Kazi imeisha. Sasa twende nyumbani."

Hapo Baluku alilia, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Tulimbeba mpaka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa vita na una dawa. Mguu tulikuwa tumechelewa kuutibu, ukakatwa.

Sitawadanganya. Hajapona kabisa. Mtoto wetu wa kwanza alikimbilia kwa shangazi yake na bado anaogopa kurudi. Lakini mume wangu anakula mezani nasi, na wale mama wa Bwera wanakuja kukaa naye ninapokwenda shambani. Mungu alinijibu kwa miguu ya wanawake wale, nami namshukuru.

Ndugu yangu, kama una mtu wako umemfungia, usione haya. Mwamini Mungu, kisha uje utuambie. Tutakuja.

Leo Baluku amekuja nami, ila ngoma za kanisa bado zinamtisha. Yuko nje, ameketi kwenye ukuta na magongo yake. Mkitoka, msimpite kimya. Msalimieni.