Lois Danieli, Ambaye Uso Wake Uliuzwa Newala

Baba zetu na mama zetu, ndugu mliopanda kutoka Masasi, na majirani wa hapa Chilangala mliokesha nasi, familia imeagiza historia hii isomwe yote kama ilivyoandikwa, bila kupunguzwa kwa ajili ya kumstahi mtu yeyote aliyepo hapa, maana marehemu mwenyewe alisema kwamba akifa asisemewe maneno laini.

Lois Danieli alizaliwa Lulindi tarehe 9 Machi 1917, mtoto wa pili wa Mwalimu Danieli na Bibi Julia, mzaliwa wa Chilangala hii, na kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa misheni aliyekataa binti zake wachanjwe chale, alikua na uso laini usio na alama hata moja, tofauti na binti za mama zake wakubwa wa huku juu. Alianza shule hapohapo Lulindi mwaka 1926, akamaliza darasa la nne mwaka 1930, akakaa nyumbani akimsaidia mama yake shambani, hadi mwaka 1935 alipochukuliwa kujifunza ukunga, akahitimu Desemba 1937. Alizalisha Lulindi na vijiji vya jirani, kisha kuanzia mwaka 1946 akahamia Newala, akawa anatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na wengi mnaosikia maneno haya mlipokelewa duniani na mikono yake.

Tarehe 14 Oktoba 1939 alifunga ndoa na Bartholomayo, seremala, wakajaliwa watoto wawili, Getrude mwaka 1941 na Yeremia mwaka 1944, na tangu alipozaliwa huyo wa kwanza hakuna aliyemwita tena Lois, alikuwa Mama Getrude kwa mkubwa na mdogo. Bartholomayo alifariki kwa kichomi Agosti 1950. Matanga yalipokwisha, mdogo wake, Bwana Isaka, mwenye duka sokoni Newala, alitaka amwoe mjane, naye marehemu akamjibu mbele ya wazee, “Wewe ni shemeji yangu, baki hapohapo ulipo.” Isaka hakubisha, aliomba tu apewe picha moja, ile waliyopiga mume na mke Lindi mwaka 1947, akisema anataka kumkumbuka kaka yake, na marehemu, aliyekuwa bado analia, akampa.

Mwaka 1953 zikaanza kuonekana sokoni chupa za dawa ya mchango wa tumbo kwa watoto wachanga, na kwenye kila chupa imebandikwa karatasi yenye picha ya marehemu akiwa amevaa nguo yake nyeupe ya ukunga, na chini yake maneno “Dawa ya Mama Getrude, Mkunga”. Bwana Isaka alikuwa ameichukua ile picha akamkata kaka yake, yule aliyesema anataka kumkumbuka, akamtupa, lakini mkasi haukupita vizuri, ukabaki mkono wa Bartholomayo, vidole vinne juu ya bega la mke wake, na hivyo ndivyo alivyouzwa.

Marehemu hakuwa na habari, kwa sababu dukani kwa shemeji yake alikuwa haingii. Alijua Februari 1954, alipokuja hapa Chilangala kumtazama Josephina, ambaye alikuwa amemzalisha mtoto wa kwanza wiki chache nyuma, akamkuta amekaa kwenye mkeka, ameachwa mikono mitupu, mtoto alikunywa dawa, akalala, hakuamka. Josephina hakumwamkia. Alimwonyesha chupa, akamwambia, “Mama Getrude, mimi sikununua dawa, nilinunua uso wako.” Hakuna aliyepima kilichokuwa ndani ya chupa ile, na familia haisemi kwamba dawa ndiyo iliyoua, lakini Josephina alisema kweli kuhusu alichokinunua.

Alikwenda moja kwa moja dukani. Bwana Isaka alimkaribisha kiti, akamwambia, “Shemeji, nimekukuza, sasa unajulikana mpaka Masasi.” Marehemu akamwambia azibandue zote. Akajibu kwamba Getrude ni binti wa kaka yake, kwa hiyo jina ni la damu yake, ingawa kila mmoja hapa anajua kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na Isaka alilijua hilo kuliko sisi.

Aprili mwaka huohuo akamshtaki barazani. Hakimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza, “Mama, uso wako unao, jina lako unalo, na akina Mama Getrude wako wengi, sasa umeibiwa kitu gani?” Marehemu akasema, “Nimeibiwa neno langu, kwa sababu watu wanaamini nimesema jambo ambalo sikulisema.” Baraza likaona kwamba kosa la namna hiyo halimo katika sheria, shauri likafutwa. Akapanda kwa bwana mkubwa wa serikali, ambaye kwa kinywa cha mkalimani alimweleza kwamba ile karatasi imekwisha kuandikishwa Dar es Salaam kama alama ya biashara, na sheria inailinda. Marehemu akauliza, “Karatasi ina sheria, mimi sina?” Mkalimani aliona haya kulitafsiri swali hilo, likaishia pale mezani.

Basi akaanza kusimama sokoni kila siku ya soko, mbele ya duka, akiwaambia akina mama, “Huyu ni mimi, na dawa hii sijawahi kuigusa.” Mauzo yakaanguka, na mwezi Septemba Bwana Isaka naye akaenda barazani, akamshtaki kwa kumharibia biashara, na baraza lilelile ambalo halikuiona sheria ya kumlinda mtu, ya kulilinda duka liliiona asubuhi moja, akakatazwa kulikaribia duka na kumtaja mwenye duka, akivunja amri afungwe.

Hapo familia inasema yaliyo magumu. Januari 1955, akiwa na miaka thelathini na saba, marehemu alipanda Chilangala kwa mama yake mkubwa, Bibi Mwanaheri, akaomba achanjwe chale, paji la uso na mashavu yote mawili. Bibi Mwanaheri akamwambia, “Mwanangu, haya ni mambo ya wasichana, ngozi yako imekomaa, utaumia.” Akamjibu, “Uso huu wameuchukua, nataka mwingine wasiokuwa nao.” Akakatwa, akapakwa masizi ya mbarika ili alama ziwe nyeusi, na kidonda cha shavu la kushoto kikaoza, akalala muda mrefu na homa, kope la jicho la upande huo likalegea tangu siku hiyo. Getrude, alipomwona, alikimbilia nyuma ya nyumba, akalia mpaka akatapika. Padre alimtenga na meza ya Bwana miaka miwili, akakaa benchi la nyuma bila kunung'unika.

Alipopona alirudi sokoni, akasimama mbali na duka kama alivyoamriwa, hakutaja jina la mtu. Akina mama wakaitazama chupa, wakamtazama yeye, wakamuuliza, “Mama, huyu wa kwenye chupa ni nani?” Naye akajibu, “Simjui.” Kufikia mavuno ya korosho ya mwaka ule, Newala nzima hapakuwa na mtu aliyenunua dawa ile, na Bwana Isaka akazipeleka chupa zake Masasi na Lindi, ambako hajulikani mwenye uso, na huko zinauzwa hadi leo.

Marehemu alianza kuugua Novemba 1959, uvimbe tumboni, akalazwa hospitali ya Ndanda mwezi Machi, ikaonekana hauwezi kukatwa, akaomba aletwe kwa mama zake, na hapa ndipo alipofariki tarehe 12 Juni 1960, alfajiri, Getrude akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Ndanda waliomhudumia bila kuchoka, wakunga wenzake waliomwogesha na kumvika, majirani walioleta kuni na maji, na Josephina, aliyempikia uji kila asubuhi mpaka ya mwisho.

Bwana Isaka hatumshukuru. Ameketi pale benchi la mbele, na jana alipofika msibani alimwambia Yeremia, “Mama yako sasa hawezi kukasirika, tuiache picha iendelee, iwe ukumbusho wake.” Familia inamjibu sasa. Sheria ya kumlazimisha hatuna, tumekwisha kuitafuta. Lakini kaburi hili ni letu, na wachimbaji wameambiwa waweke majembe chini mpaka Bwana Isaka asimame aseme, kwa sauti ya kusikika na watu wote, kwamba Lois Danieli hakumpa ruhusa, na kwamba uso wake unatoka kwenye chupa.

Dada Lois, pumzika kwa amani. Sisi tunamsubiri shemeji yako.