Panya wa Kwenye Unga

Benchi la pale kwenye kona linatosha watu wanne wanaopendana, au watatu waliogombana. Asubuhi ile walikuwa watatu: Redio, kinyozi ambaye kila habari hulala kwake kabla ya kuzagaa mtaani, Spana, fundi baiskeli, na Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu, na sheria akaondoka nazo. Aliyewamiminia kahawa ni Mama Birika, mtoto mgongoni, kichungi mkononi. Ng'ambo ya barabara, lori lilikuwa likipakia rafu zilizobaki za duka la vyakula la Mzee Mizani. Mzee anahama. Mama Birika hakutaka kutazama, na kuacha kutazama hakuweza. Kazi yake ya kwanza maishani aliifanyia mle ndani, mara tu alipomaliza shule ya msingi.

— Duka lilikuwa tamu lile, akasema Redio. Mimi nilikuwa nikitumwa chumvi, narudi na chumvi na pipi.

— Hata mimi, akasema Spana. Ila yale mambo ya panya kwenye unga, ah-ah, yalinishinda.

— Tena si panya mmoja! akadakia Redio. Haba na haba hujaza kibaba. Walijaza gunia.

— Mimi nilisikia kulikuwa na nyoka. Aliwafuata hao panya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakimu akakohoa, kama mtu anayesubiri watu wote wasimame.

— Nyoka yule alikuwa wa kufugwa. Na nyuma ya stoo kulikuwa na handaki. Mnadhani mzee aliujenga ule ukuta wa nyuma kwa nini? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta ule ni ushahidi.

— Ushahidi wa nini?

— Hilo ni la mahakama.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama Birika hakucheka. Siku panya yule alipozaliwa, yeye alikuwepo. Alizaliwa hapa hapa, benchini. Mtoto wa jirani alikuwa kashikwa na tumbo, na Redio akapuliza kahawa yake, akasema, "Labda panya kapita kwenye unga wa mzee." Ile "labda" ikadondoka hapo hapo, panya akavuka barabara bila hiyo. Mama Birika alisikia vizuri. Akatabasamu, kama muuzaji anavyomtabasamia mteja wake, akaendelea kumimina. Juma lililofuata naye akaanza kununua unga duka kubwa la mtaa wa pili. Ni kwa ajili ya mtoto tu, alijiambia.

— Mimi nilifanya kazi mle, akasema sasa. Sauti ilimtoka ndogo.

— Tunajua, shemeji. Nyoka ulimwona? akauliza Redio.

— Siku yangu ya kwanza niliangusha trei nzima ya mayai, duka limejaa watu. Mzee akaruka mbele yangu, akawaambia, "Samahanini jamani, mikono yangu imezeeka." Mpaka leo hajanikumbusha. Na unga tuliuchekecha kila asubuhi kabla ya kufungua, mara mbili. Yeye upande huu, mimi upande ule. Mwenye kununua sukari kidogo, alinifundisha kumfungia kwenye karatasi kubwa. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "mtu asione haya njiani."

Spana akaweka kikombe chini.

— Mbona siku zote hizo hukusema?

Mama Birika akakaza mbeleko ya mtoto, ingawa haikuwa imelegea.

Mara mpakiaji wa lori akavuka barabara, mtu mzima ambaye hawakumjua, jasho likimtiririka, kabeba mfuko wa unga wa kilo mbili.

— Hamjambo jamani? Mzee kabakiwa na mifuko sita. Kasema ni ya majirani zake, bure. Nani anachukua?

Hakimu akaangalia saa kwenye mkono usio na saa. Spana akakaza nati iliyokwisha kukazwa. Redio, ambaye nyumbani kwake kuna vinywa saba, akasema polepole:

— Mpe Mama Birika. Yeye ndiye mtu wa duka lile.

Mama Birika akaupokea. Akaondoa vikombe kwenye sinia lake, akaliweka katikati ya benchi, wote wakasogea. Akakausha kichungi kwa upindo wa nguo yake, akachana mfuko.

— Shemeji, unafanya nini?

— Namtafuta panya.

Kichungi kilikuwa kidogo, cha kahawa. Unga uliingia ukufi mmoja mmoja. Akatikisa. Ukufi wa pili, akatikisa. Wapita njia wakasimama. Hakuna aliyeagiza kahawa. Ng'ambo, mzee akapanda mbele, milango ya lori ikafungwa, injini ikanguruma. Alitaka akimaliza ainue sinia juu, mzee alione. Lakini akiharakisha watasema kachakachua. Hakuharakisha.

Mfuko ukaisha. Sinia lilikuwa jeupe tupu, na kwenye kichungi hakikubaki kitu.

— Panya yuko wapi, Redio?

Redio akachungulia ndani ya kichungi.

Mama Birika akainua sinia kwa mikono miwili, akageuka. Lori halipo. Mlangoni kwa mzee palining'inia kufuli.

Spana akainuka ghafla, akavuta baiskeli ya mteja.

— Namfuata. Nitamwambia mwenyewe, mbele za watu, kwamba panya hakuwepo. Kahamia wapi?

Redio akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Mama Birika, aliyesimama na sinia lake mikononi. Miezi mitatu mzee alikuwa akiuza rafu moja moja mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza anakwenda wapi.